Kiungo Kikifa, Data Zinabaki Wapi? Majibu kwa Barua za Wasomaji

Safari hii safu imekusanya barua tano zinazozungukia jambo moja: namna ya kuzipa data za utafiti kitambulisho ambacho mtu mwingine ataweza kukifuata miaka mingi baadaye na kukuta kile kile kilichotumika. Kitambulisho kinachozungumzwa zaidi ni DOI (Digital Object Identifier), namba inayosajiliwa kwa ajili ya makala au seti ya data. Barua nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha kwa sababu baadhi yao wanapingana na wasimamizi wao.

Swali: Mwalimu, katika tasnifu yangu niliandika anwani ya tovuti ambamo zilikuwamo data nilizozitumia. Mtahini amebofya kiungo hicho akaambiwa kwamba ukurasa haupo, naye ameniagiza niweke DOI badala yake. Nimewauliza wenzangu na kila mmoja ana maelezo yake. DOI inatofautianaje na kiungo cha kawaida, ilhali nayo huandikwa ikianza na https kama viungo vingine? – *Mwanafunzi wa uzamili*

Jibu: Anwani ya kawaida hutaja mahali: seva fulani, folda fulani, faili fulani. Faili ikihamishiwa folda nyingine, au taasisi ikiamua kuijenga upya tovuti yake, anwani ya zamani huendelea kuelekeza pale pale ambapo sasa hapana kitu, na msomaji hupokewa na namba 404. DOI haitaji mahali. Hutaja kitu chenyewe, na mahali kilipo kitu hicho huandikwa kwenye daftari la pembeni ambalo linaweza kurekebishwa wakati wowote bila namba yenyewe kuguswa.

Tuichukue moja tuitazame kwa karibu: 10.1038/sdata.2016.18. Ni ya makala iliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Scientific Data, nayo ndiyo iliyotangaza kanuni za FAIR, zinazotaka data za utafiti zipatikane zikitafutwa, zifikike, zisomeke na mifumo tofauti, na ziweze kutumika tena. Tarakimu 10 ya mwanzo inaonyesha kwamba tunashughulika na DOI. Namba 1038 ni ya aliyeisajili, ambaye hapa ni mchapishaji wa majarida ya Nature. Vyote vinavyofuata baada ya mkwaju (/) amevitunga msajili mwenyewe, na ingawa katika mfano huu unaweza kukisia jina la jarida na mwaka, usiuzoee mchezo huo, kwa sababu DOI nyingine haina maana yoyote ndani yake na haitakiwi kuwa nayo. Ukiitanguliza kwa https://doi.org/ na kuiweka kwenye kivinjari, ombi lako huenda kwanza kwenye seva za doi.org, ambazo hutafuta namba hiyo katika daftari, huona anwani ya sasa, kisha hukupeleka huko kabla hujatambua kwamba ulipitia kwingine. Mchapishaji akihama, hubadilisha mstari mmoja tu wa daftari, na tasnifu zote zilizokwisha kuchapwa zikiwa na namba ile huendelea kufika.

Mashine inayofanya kazi hiyo huitwa Handle, na ilitoka katika shirika lililoasisiwa na Robert Kahn, mmoja wa wawili waliobuni itifaki za TCP/IP zinazoendesha intaneti. Mwaka 2012 DOI iliingizwa katika viwango vya kimataifa kwa namba ISO 26324.

Hata hivyo, sina budi kukupunguzia matumaini kidogo. Neno “kudumu” limewapumbaza wengi. Hakuna chochote ndani ya tarakimu za DOI kinachoizuia isife. Data zikihamishwa na mwenye jukumu asiurekebishe ule mstari, DOI itakufikisha kwenye 404 ile ile aliyoiona mtahini wako. Tofauti ni kwamba nyuma ya kila DOI yupo mtu au taasisi iliyokubali wajibu wa kuurekebisha, na ikaukubali mbele ya wakala wa usajili. Kwa makala za majarida wakala huyo mara nyingi ni Crossref, na kwa data mara nyingi ni DataCite, chombo kilichoundwa mwaka 2009 na maktaba pamoja na taasisi za utafiti za nchi kadhaa. Maktaba ya TIB ya Hannover, Ujerumani, ilikuwa imeanza kuzisajilia data DOI tangu mwaka 2005. Haikutokea kwa bahati kwamba kazi hii ilishikwa na wakutubi, kwa kuwa wao walizoea kutunza vitu kwa muda mrefu kuliko mradi wowote wa utafiti unavyoishi.

Kuhusu tasnifu yako, anza kwa kutafuta kama data hizo tayari zina DOI, kwa maana inawezekana mwenyewe alizihamishia kwenye hazina rasmi, yaani ghala la mtandaoni linalotunza data za utafiti, ulipokuwa unaandika. Kama hazina DOI, usizipakie wewe mahali popote ili ujipatie namba, kwani si zako. Mwandikie mwenye data umwombe aziweke kwenye hazina. Akikawia kujibu, taja anwani ya zamani pamoja na tarehe uliyozisoma, na utazame kama Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayohifadhi nakala za kurasa za tovuti, ina nakala ya ukurasa ule, ili nayo uitaje kando yake. Mtahini muungwana ataridhika na hilo, na asiporidhika angalau atakuwa ameona ulivyohangaika.

Swali: Ndugu Mhariri, kikundi chetu hupima kina cha maji katika visima kila mwezi, na jedwali letu huzidi kurefuka. Jedwali la kwanza tuliliweka katika hazina ya mtandaoni ya Zenodo tukapata DOI. Sasa tumegundua kwamba vipimo vya kifaa kimoja viliandikwa kwa sentimita ilhali vingine vyote ni kwa mita. Je, tulibadilishe faili chini ya DOI ile ile, au tuombe mpya? Na kama kila badiliko litadai DOI yake, baada ya miaka mitano tutakuwa na DOI ngapi? – *Kiongozi wa kikundi cha watafiti*

Jibu: Msilibadilishe faili kimya kimya, hata kama mfumo ungewaruhusu, na hazina nyingi zimefunga mlango huo makusudi. Fikirieni mtu aliyepakua jedwali lenu la kwanza. Anavuta safu ya kina na kukuta 4.10, kisha 3.90, kisha 412. Anapiga wastani anapata mita 140, anaandika makala, anataja DOI yenu. Wastani sahihi ni mita 4.04. Msomaji wa tatu anayeshangazwa na zile mita 140 anafuata DOI ili ahakiki, na iwapo mmekwisha kulisahihisha faili, ataona 4.10, 3.90 na 4.12, kila kitu kikiwa safi, na atahitimisha kwamba mwandishi wa makala hajui kugawanya kwa tatu. Mmemfanya mtu aliyewaamini aonekane mzembe, na kosa lilikuwa lenu.

Kwa hiyo toleo la kwanza libaki lilivyo, na kosa lake. Tengenezeni toleo la pili lenye DOI yake, na katika maelezo ya matoleo yote mawili mwandike wazi ni kifaa gani, ni safu ipi, na ni kuanzia tarehe gani hadi gani. Tangu mwaka 2017 Zenodo hutoa DOI kwa ngazi mbili: kila toleo hupata yake, na juu yake kuna nyingine moja inayosimamia matoleo yote na kumfikisha msomaji kwenye lile jipya kabisa. Anayetumia vipimo vyenu katika hesabu ataje DOI ya toleo alilolitumia. Anayetaka tu kusema kwamba data kama hizi zipo anaweza kutaja ile ya juu. Watafiti wengi huchanganya hizo mbili, wakataja ya juu katika makala yenye hesabu, na matokeo yake ni yale yale ya faili lililobadilishwa kimya kimya.

Si kila badiliko linadai namba mpya, lakini. Mkisahihisha tahajia ya jina la mtafiti, mkiongeza maneno ya kutafutia, au mkiunganisha data na makala iliyotoka baadaye, hayo ni maelezo ya data, yaani metadata, na hurekebishwa bila kugusa DOI. Kipimo ninachokitumia mwenyewe ni hiki: mtu akifanya hesabu ile ile kwa faili la jana na la leo, je, anaweza kupata jibu tofauti? Akiweza, hilo ni toleo jipya.

Kuhusu kurefuka kwa jedwali, sioni haja ya kutoa toleo kila mwezi. Toleo moja kwa mwaka linatosha kwa jedwali la ukubwa wenu, na la ziada litoke pale tu makala inapochapishwa kwa kutumia data ambazo bado hazijatolewa. Kwa hifadhidata kubwa zinazobadilika kila saa hata njia hii haifai, na kwa ajili yake Research Data Alliance, jumuiya ya kimataifa inayoshughulikia data za utafiti, ilitoa mapendekezo mwaka 2015: kila badiliko ndani ya hifadhidata liwekewe muhuri wa wakati, na kitambulisho kipewe lile swali ambalo mtafiti aliiuliza hifadhidata, ili swali lile likirudiwa kwa wakati ule lirudishe majibu yale yale. Wazo hilo ni zuri sana, ingawa linadai mhandisi wa hifadhidata, na ninyi mna jedwali tu.

Jambo moja dogo la kuongeza. Kila mnapotoa toleo, piga hesabu ya alama ya SHA-256 ya faili na uiandike katika maelezo. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na yaliyomo ndani ya faili, na mtu akibadilisha hata 3.90 ikawa 3.91 mfuatano wote hugeuka usitambulike. DOI humfikisha msomaji kwenye faili, na alama hii humthibitishia kwamba faili alilonalo mkononi ndilo mlilolitoa.

Swali: Nimefanya mahojiano na wagonjwa, na kila mmoja nilimwahidi kwamba maneno yake hayatasambazwa. Jarida ninalotaka kuchapisha linasema data lazima ziwe na DOI. Nifanyeje bila kuvunja ahadi yangu? – *Mtafiti wa afya*

Jibu: DOI haifungui data. Ni namba tu ya kitu, na kitu kilichofungiwa kabatini kinaweza kuwa na namba sawa na kilichowekwa mezani. Msomaji akiifuata hufika kwenye ukurasa wa maelezo: nani alikusanya, lini, kwa mbinu gani, faili ni za aina gani. Faili zenyewe zinaweza kuwa zimefungwa, na ukurasa ukaeleza nani anaruhusiwa kuziomba, kwa masharti yapi, na kamati ipi ndiyo yenye uamuzi. Kanuni za FAIR nilizozitaja hapo juu zinataka njia ya kuzifikia data ijulikane. Hazisemi popote kwamba kila mtu apewe. Zinataka pia maelezo yaendelee kuwapo hata data zenyewe zikiwa zimeondolewa, na ndiyo maana hazina nzuri haifuti ukurasa. Huacha pale taarifa kwamba data zilikuwapo, na mara nyingi hueleza kwa nini zimeondolewa.

Nina hofu zaidi na jambo ambalo hukuliuliza. Maelezo ya data husomwa na dunia nzima, na watu waangalifu kabisa katika faili huwa wazembe katika maelezo. Nimewahi kuletewa rekodi iliyofungwa vizuri ambayo orodha ya mafaili yake ilionekana kwa kila mpita njia, na kila faili limepewa jina la aliyehojiwa. Vilevile kufuta majina hakutoshi ikiwa umebakiza umri, kazi na tarehe ya kulazwa, kwa kuwa katika kundi dogo mambo hayo matatu humtambulisha mtu kwa jirani yake. Zungumza na kamati ya maadili iliyokupa kibali kabla ya kujaza fomu ya hazina, na katika utafiti ujao fomu ya ridhaa iseme wazi nini kitahifadhiwa, wapi, na nani ataweza kukiomba.

Swali: Msimamizi wangu anasema kuwataja wenye data katika sehemu ya shukrani kunatosha. Tena kuna mkanganyiko mwingine: jarida linataka DOI ya data zangu kabla ya kupokea makala, na hazina inataka DOI ya makala ili iiunganishe na data. Nani aanze? – *Mwanafunzi wa uzamivu*

Jibu: Kwa heshima zote kwa msimamizi wako, shukrani hazitoshi. Mashine zinazohesabu na kuunganisha marejeleo husoma orodha ya marejeleo, shukrani hazizitazami. Aliyetumia miaka mitatu kukusanya data akashukuriwa kwa sentensi moja hataonekana popote siku anapoomba kupandishwa cheo. Mwaka 2014 wanataaluma, wachapishaji na wenye hazina walikubaliana juu ya Tamko la Pamoja la Kanuni za Kurejelea Data, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba data ni zao halali la utafiti na rejeleo lake lipewe uzito sawa na wa machapisho mengine. Taarifa ya upatikanaji wa data, ambayo majarida mengi huidai mwishoni mwa makala, nayo haichukui nafasi ya rejeleo. Rejeleo lenyewe si gumu: waliokusanya data, mwaka, jina la seti ya data, toleo, hazina, na DOI ikiwa imeandikwa kamili.

Mkanganyiko wako wa pili hutatuliwa na data kuanza. Hazina nyingi hukuwezesha kuitenga DOI kabla ya kuchapisha rekodi. Unaiandika kwenye makala, unaituma, na makala ikipata namba yake unarudi kwenye hazina kuongeza uhusiano, jambo ambalo, kama nilivyomweleza kiongozi wa kikundi hapo juu, halihitaji toleo jipya. Kumbuka tu kwamba DOI iliyotengwa haifanyi kazi hadi rekodi ichapishwe. Makala nyingi hutoka zikiwa na DOI ya data isiyofika popote kwa sababu mwandishi alifurahia kukubaliwa akasahau kurudi kubonyeza kitufe.

Swali: Katika fani yangu tupo wawili wenye majina yanayofanana kabisa, na data zangu zimewahi kuhesabiwa kuwa za mwenzangu. Pia msomaji mmoja ameniandikia kwamba DOI niliyoiweka kwenye makala haifunguki, ilhali nikiifungua mwenyewe kwenye hazina inafunguka. Ni nini hiki? – *Mhadhiri*

Jibu: La kwanza lina dawa ya siku nyingi. ORCID, iliyozinduliwa mwaka 2012, humpa mtafiti namba yake ya tarakimu 16 bila malipo, na ukiiweka kwenye fomu ya hazina huandikwa ndani ya maelezo ya data yanayopelekwa DataCite, hata mkiwa kumi wenye jina moja. Namba ambayo ORCID wenyewe huitumia kama mfano ni 0000-0002-1825-0097, ya Josiah Carberry, profesa wa kubuni ambaye amekuwa utani wa Chuo Kikuu cha Brown tangu mwaka 1929. Ile 7 ya mwisho haikuchaguliwa ovyo. Hutokana na hesabu ya tarakimu 15 zilizotangulia, hivyo ukikosea kuandika tarakimu moja mfumo hutambua papo hapo.

DOI haina kinga hiyo, na nadhani humo ndimo lilimo tatizo lako la pili. Ukikosea herufi moja hakuna wa kukuonya, kwa hiyo DOI hunakiliwa na kubandikwa, haiandikwi kwa mkono. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti, kwa hiyo hilo liondoe katika orodha ya washukiwa. Tazama badala yake mwisho wa rejeleo. Je, mhariri ameweka nukta baada ya DOI kwa sababu kila rejeleo huishia na nukta? Programu nyingi huimeza nukta hiyo na kuifanya sehemu ya kiungo, na doi.org haiwezi kuitambua namba yenye nukta ambayo haikusajiliwa nayo. Tazama pia kama DOI imekatwa mwishoni mwa mstari na kistari cha kuunganishia kikaingizwa katikati. Fungua faili la mwisho la makala kama litakavyotoka, ubofye kila DOI moja baada ya nyingine, na ukikuta iliyoharibika mwandikie mhariri kabla toleo halijafungwa.